Mwaka Tulipowahamisha Masultani

"Sasa huyu muntu munatuletea, tutamuita nani?"

Aliyeniuliza alikuwa mama Numbi, dada wa sultani ambaye serikali ilikuwa imemhamisha asubuhi ileile. Huyo "muntu" alikuwa sultani mwingine, aliyeletwa kushika nafasi iliyoachwa wazi. Wakati huo alikuwa amerudi kukaa ndani ya Land Rover yetu, sanduku mapajani, kama mwalimu anayeripoti shule mpya. Mimi nilikuwa msichana mwenye shahada ya chuo kikuu cha Lubumbashi, na nilikuwa nimezoea kuwa upande wa wanaouliza. Nilimjibu kwamba cheo chake ni mkuu wa kolektivite, yaani wa eneo lile la utawala.

"Ile ni kazi," akasema. "Mi nauliza juu ya muntu."

Nikajifanya natafuta kalamu.

Naandika haya kwa vijana wanaoingia sasa katika utawala wa Kolwezi, mji ambao siku hizi ni makao makuu ya mkoa wake wenyewe. Nawasikia mkibishana kwenye korido nani ana mamlaka, Kinshasa au mkoa, na mnabishana kama watu waliovumbua ugomvi huo jana. Mimi nimetoka kazini mwaka huu. Sitawasimulia vyeo nilivyopanda, maana vingi nilivisikia redioni kabla ya kuviona, na viwili vilifutwa kwenye redio ileile. Nitasimulia kazi.

Nilianza miaka michache baada ya nchi kuitwa Zaïre na Katanga kuitwa Shaba. Baba yangu, Mwislamu aliyetoka upande wa Kasongo na kuuza vitambaa sokoni, alitaka niwe mwalimu. Mimi nilitaka kujua nani anaamua. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye utawala, na nilikwenda nalo ofisini siku ya kwanza, kichwa juu.

Mkuu wa ofisi alikuwa tata Kalenga, tata kwetu ni baba au mzee, mtu mwenye abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi hadi inang'aa na mwenye maoni juu ya kila kitu, nusu yake yakiwa ya makosa. Hapakuwa tena na bwana wala bibi; sote tulikuwa citoyen na citoyenne, kwa amri.

"Citoyenne, kule chuo balikufundisha nini?"

"Siasa na utawala."

"Aa. Siasa tuko nayo mingi. Utawala njo hatuna. Unajua kutia karatasi mu mashini?"

Mashine yenyewe ilikuwa ya Wabelgiji, nzito kama jiko la chuma, na herufi yake ya Z ilikuwa imelika hadi ikawa kovu. Walioitengeneza hawakutegemea kwamba siku moja nchi, mto na fedha vyote vitaanza kwa herufi hiyo. Tulikuwa tukiandika jina la taifa kwa mashine, kisha tunalikamilisha kwa kalamu. Nilimwuliza tata Kalenga kwa nini hatuombi mashine nyingine. Akasema tumeomba. Nikauliza tumemwomba nani. Akanyoosha kidole magharibi, kuelekea Kinshasa, bila kuinua macho.

Kifaa cha pili nilichojifunza kilikuwa phonie, redio ya mawasiliano ya serikali, iliyokaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi. Unabonyeza kitufe unaongea, unaachia unasikiliza, na katikati ni kelele kama ya mahindi yanayokaangwa. Ujumbe wetu wa Kinshasa haukwenda moja kwa moja. Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wetu wakati huo, iliupokea kwanza, kisha ikaupeleka mbele. Tata Kalenga alinifundisha kuweka ombi mwanzoni na salamu mwishoni, kwa sababu Lubumbashi huchoka katikati. Alinifundisha pia kwamba habari mbaya isizidi sentensi moja.

Wiki yangu ya kwanza mfereji uliziba barabarani, na mvua ilikuwa njiani. Tulituma ombi Kinshasa la kuruhusiwa kuuzibua.

"Kwa nini tusiuzibue tu?" niliuliza.

"Tukiuzibua bila ruhusa, ni wetu. Ukijaa tena, ni sisi."

"Na tukingoja?"

"Ukijaa, ni wa Kinshasa."

Nilidhani anatania. Nilikaa ofisini humo miaka mingi nikigundua mara ngapi hakuwa anatania.

Amri ya masultani ilifika wakati wa kiangazi. Ninapoandika sultani, msifikirie majumba na vilemba. Kwetu ni mkuu wa ardhi na ukoo, anayevijua vijiji vyake na ambaye vijiji vyake vinamjua. Amri ilisema kwamba wakuu wote wa jadi sasa ni watumishi wa serikali kama sisi, na kama sisi, watahamishwa. Sultani wa huku aende kule, wa kule aje huku.

Kamishna wetu hakuona tatizo. Alikuwa mtu wa Équateur, kutoka misitu ya mto, aliongea nasi Kifaransa na akikasirika Kilingala. Hiyo nayo ilikuwa kanuni: kamishna hatawali kwao. Mtu wa kaskazini alipelekwa kusini, wa magharibi mashariki, ili asiwe na shangazi wa kumsihi.

"Mimi nimehamishwa mara nne," alituambia. "Sijaona mji hata mmoja ukikataa kupika kwa sababu nimeondoka."

Tata Kalenga alimwunga mkono. Mimi sikumwunga mkono mtu. Sikuamini kwamba udongo unaweza kumjua mtu, na vilevile sikuamini kwamba Kinshasa inaweza. Kamishna akaona kwamba nisiyeamini upande wowote nafaa kupelekwa, maana sitachukua upande.

Sultani tuliyemwondoa aliitwa Kasamba. Vijiji vyake viko bondeni, karibu na Lualaba, na mahindi yake ndiyo yaliyolisha sehemu kubwa ya soko letu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyenunua abakosti kabla ya kamishna mwenyewe. Aliyekuja, Ilondo, alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea na mwavuli hata jua likiwaka. Tulifanya makabidhiano kwa utaratibu wa ofisi: bendera, picha ya ukutani, kiti cha chuma, baiskeli.

"Kinga haina gurudumu la mbele," Ilondo alilalamika, akiinua baiskeli.

"Utaenda nayo wapi?" Kasamba akamjibu. "Sultani batu njo banamufuataka."

Watu walicheka, Ilondo hakucheka. Nilimwuliza Kasamba kama kuna kitu kingine cha kukabidhi. Akasema akikikumbuka atatuma barua. Kisha kamishna, aliyekuwa amesikia kwamba mahali pengine jamaa za masultani waliohamishwa wanawasumbua wageni, alitoa agizo kwa Kifaransa na mimi nikalitafsiri mbele ya wote: mkuu mpya asijihusishe na nyumba ya mkuu wa zamani kwa jambo lolote la utawala, asile kwao, asiwaombe kitu, asiwape kitu. Mama Numbi alikuwa amesimama mbele kabisa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza lile swali lake, na mimi nikiwa bado natafuta kalamu akageuka akaingia nyumbani kwake, upande wa pili wa uwanja wenye bendera.

Kasamba alipanda lori pamoja na mbuzi na kwenda nchi ya Ilondo, safari ya siku mbili. Tukatuma ujumbe kwamba kazi imekwisha.

Mvua zikaja. Hapa lazima niwaeleze desturi ya bonde lile, maana hakuna aliyenieleza mimi. Watu hutayarisha mashamba, lakini hakuna anayetia mbegu hadi sultani apige jembe la kwanza mbele ya wote. Anayetangulia, mabaya yote ya mwaka huo yatakuwa yake: mtoto akiugua, radi ikipiga, ni yeye. Mwaka ule mvua ziliweka ardhi laini kama ugali, na mashamba yote yalikuwa meusi, matupu. Wanawake walikaa milangoni na mbegu katika makapu. Mahindi yakipandwa kwa kuchelewa, mvua huisha kabla ya kukomaa, na maghala ya mwaka uliopita yalikuwa yanafika chini. Nyumba ya mama Numbi ilikuwa na wajukuu na watoto wa ndugu, wote wanaokula.

Nilitumwa kumwamuru Ilondo alime. Nilimkuta barazani, kwenye kile kiti cha chuma.

"Tata Ilondo, piga tu jembe. Ni jembe."

"We unasema ni jembe. Mi nikipiga, mutoto wa muntu akufe kesho, utakuwa wapi? Utakuwa Kolwezi."

"Na usipopiga watakufa njaa."

"Ile nayo batasema ni mi."

"Kwenu hupigi?"

"Kwetu njo kwetu, mama."

Nilijadiliana naye nusu siku. Nilimweleza mbegu, unyevu, joto. Alikubali kila kitu na hakusimama. Mwishowe nilifanya jambo ambalo chuo kikuu pekee kinaweza kumfanya mtu afanye. Nilichukua jembe lililokuwa ukutani, nikavua viatu, nikaingia kwenye shamba la karibu na kutangaza kwamba kwa niaba ya serikali ninafungua msimu. Nikalima mstari, nikatia mbegu, nikafukia kwa mguu.

Wanawake walitoka kutazama.

"Citoyenne analima!"

"Mumuache. Mi nilikuwa najiuliza serikali inafanyaka kazi gani."

"Angalia vile anashika mupini. Ni kama kalamu!"

Mama Numbi alikuja hadi ukingo wa shamba, mikono kiunoni, akatazama mstari wangu kwa makini kama mtu anayekagua nguo sokoni.

"Umelima muzuri, mwanangu," alisema. "Sasa ungoje palepale, uvune."

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Hakuna aliyetia mbegu. Mahindi yangu yalichipuka, yakiwa kitu pekee cha kijani katika bonde zima, na mbuzi wakayala. Jina la Citoyenne wa Jembe lilifika Kolwezi kabla yangu.

Ilibaki njia moja: Kasamba arudi kwa siku chache, apige jembe, aondoke tena. Kamishna hakuwa na mamlaka ya kumrudisha. Kilichokuwa hatarini kwake si kidogo. Mwenzake mmoja alikuwa ameondolewa kazini kwa kuonekana mlegevu mbele ya masultani. Alizunguka ofisini, akasema maneno mengi ya Kilingala, kisha akatia sahihi ombi. Niliketi kwenye phonie na kulisoma, ombi mwanzoni, salamu mwishoni.

"Hatukusikia vizuri," Lubumbashi ikajibu. "Rudieni kesho."

Kesho yake nilirudia. Hawakusikia vizuri. Nikarudia tena, nikitamka herufi moja moja. Mvua, walisema, inaharibu mawimbi.

"Banasikia," tata Kalenga aliniambia. "Wakipeleka lile ombi mbele, Kinshasa itauliza nani aliwaruhusu kupokea ombi kama lile. Basi hawasikii."

"Ni uoga."

"Uoga? Mwanangu, Kinshasa ilichukua pesa, ikachukua askari, ikachukua hata jina la mukoa. Kutosikia njo mamlaka yote balibakishia."

Niliandika maneno hayo nyuma ya mkono wangu, kwa kukosa karatasi. Katika kazi yangu yote sikukutana na maelezo bora zaidi ya uhusiano wa Kinshasa na mikoa, na nimehudhuria semina nyingi.

Kisha, kabla Lubumbashi haijapata kusikia, mfanyabiashara mmoja wa samaki alifika kutoka bondeni na kusema watu wanapanda. Hatukuamini. Tulipofika tulikuta bonde lote limejaa migongo iliyoinama, na Ilondo amekaa barazani na tope hadi magotini.

"Umepiga jembe?" kamishna akauliza.

"Nilipiga, citoyen."

"Nani alikushawishi?" nikauliza mimi.

"Mvua," akasema, akaangalia pembeni.

Niliamini, bila kumwambia mtu, kwamba ilikuwa ile nusu siku ya hoja zangu. Kamishna alituma ujumbe kwamba mkuu aliyehamishwa amepokelewa na wananchi, amefungua msimu wa kilimo, mageuzi yamefaulu. Lubumbashi ilisikia vizuri sana, mara ya kwanza.

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa machache kuliko kawaida kwa sababu ya kuchelewa, lakini yalikuwepo. Baada ya muda masultani walirudi kila mmoja kwao, nchi nzima, kimyakimya. Hakuna aliyetangaza kwamba jambo lile limeshindikana. Kamishna alihamishwa mara ya tano, akatuachia mwavuli ambao naye alikuwa ameachiwa na kamishna aliyemtangulia.

Nitapita haraka juu ya miaka iliyofuata. Vita vilitufikia mara mbili, mara ya pili hadi mjini, tukafunga ofisi na kuifungua. Baadaye Kinshasa ilitupa mabaraza na kuyaita madaraka mikoani. Baraza letu lilikuwa na haki ya kujadili kila kitu na ufunguo wa chumba kimoja. Kisha katika miaka ya mwisho ya Zaïre, Kinshasa ilianza kuishiwa nguvu, na Lubumbashi ikapata sauti. Gavana alikuwa mwana wa hapa. Jina la Katanga lilirudi. Watu walisema neno shirikisho hata sokoni, baina ya nyanya na mkaa. Ujumbe wa Kinshasa ulipoingia kwenye phonie, Lubumbashi ilisema "hatukusikia vizuri" kwa sauti kubwa, hadharani, na watu walipiga makofi.

Nami nilipiga makofi. Kwa mwaka mmoja hivi nilidhani swali langu la ujana limejibiwa: anayeamua sasa yuko karibu. Halafu ikaja amri ya kwanza ya Lubumbashi kuhusu masultani. Ilitaka tumwondoe mmoja aliyewakaribisha wageni wa chama kisichotakiwa. Niliuliza tofauti na zamani ni ipi. Kijana aliyeileta alinishangaa. "Sasa ni sisi," akasema.

Mamlaka yaliyosogea karibu yalikuja pia na swali la nani ni wa hapa. Majirani wengi waliozaliwa Kolwezi, lakini babu zao walitoka Kasai, walifukuzwa, wakajikuta kituo cha treni na magodoro yao. Tata Kalenga, aliyekuwa amestaafu, alikuwa mmoja wao. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi, ingawa hapakuwa na mahali pa kupigia pasi.

"Umeona?" aliniambia. "Na mi bananihamisha. Hata makabidhiano hapana."

 Treni yake iliondoka wakati nipo ofisini, nikitafsiri hotuba juu ya uhuru wa mikoa.

Jambo la mwisho nililijua mwaka uliotangulia kustaafu kwangu. Mkoa mpya ulitaka kujua desturi za urithi wa masultani, ili uzisimamie wenyewe badala ya Kinshasa, nami nikatumwa kuwauliza wazee. Niliambiwa mama Numbi bado yu hai, anakaa mtaa wa Kapata kwa mjukuu aliyeolewa na mfanyakazi wa zamani wa mgodi, katika mojawapo ya zile nyumba za safu za kampuni. Nilimkuta nje, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimgombeza muuza mkaa kwamba gunia lake limejaa vumbi. Alipomaliza naye aligeuka kwangu.

"Eh! Citoyenne wa Jembe! Ulivunaka?"

"Mbuzi walivuna, mama."

Alicheka akakohoa. Tukaongea juu ya kaka yake Kasamba, aliyekwisha kufa, na juu ya magoti yake yeye. Nikamwuliza ni nani hasa aliyemshawishi Ilondo kufungua mashamba mwaka ule.

"Kufungua? Ilondo hakufungua kitu. Njo mi nilifungua."

"Lakini nilimwona na tope."

"Alishika jembe. Hata Kasamba alikuwa anashikaka jembe tu. Hamukujua?"

Hatukujua. Alinieleza bila haraka, huku akichambua mkaa. Katika ukoo wao ardhi hupita kwa wanawake. Kila mwaka, kabla ya mvua kukolea, kaka yake aliingia nyumbani kwake, akavua viatu, akapiga magoti, akaomba. Yeye ndiye aliyempaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, kutoka chungu alichoachiwa na mama yake. Mtu asiye na pemba hiyo, jembe lake linakata nyasi tu. Mwaka wa uhamisho aliketi ndani akingoja aombwe. Alikuwa tayari kumpaka Ilondo pia, mradi ajue amekuja kama nani: si kaka, si mume, si mtu aliyemshinda vitani. Kama tungesema ni mgeni wake, angempaka wiki ileile, maana mgeni anapakwa. Badala yake alisikia, kwa Kiswahili changu kizuri, kwamba mtu huyo amekatazwa kumwomba kitu.

Wiki zilipita, wajukuu wakaanza kula mara moja kwa siku, na yeye hakuweza kutoka nje kutoa kitu ambacho hakijaombwa. Kisha mchana mmoja wa mvua Ilondo alivunja agizo la kamishna. Alivuka uwanja wenye bendera, akavua viatu, akasema yeye ni mgeni hapa na anaomba. Katika serikali nzima, kuanzia Kinshasa na Lubumbashi hadi kwetu Kolwezi, alikuwa mtu wa kwanza kubisha hodi kwenye mlango ule.